Saba ya Zamani na Tano Mpya

Kibanda changu cha kutengeneza kompyuta kiko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka wanakopimia nafaka. Kwa miaka mingi niliwaambia wateja jambo moja bila kupepesa macho: saba ni kubwa kuliko tano. Mtu akija kutafuta laptopu, nilimwonyesha stika ndogo kando ya kibodi, inayotaja prosesa, ubongo wa kompyuta. Yenye i7 ndiyo mashine. Yenye i5 ni ya kuandikia barua. Vijana walioniambia kwamba prosesa huangaliwa kizazi chake, yaani ni ya toleo la lini, siyo namba tu, niliwauliza walisomea wapi hesabu.

Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Busitema, akisomea uhandisi wa kilimo. Mradi wake ulikuwa kikaushio cha karanga, kitu ambacho wakulima wa kwetu Sop Sop wangeweza kujiundia wenyewe. Kabla ya kukionyesha kwa walimu, ilibidi kompyuta ipige hesabu ndefu za namna joto linavyopita ndani yake. Zilibaki wiki mbili, na bila hesabu hizo asingehitimu mwaka ule. Akaja kibandani kuomba mashine.

Nilikuwa nazo mbili mezani. Moja ilikuwa i7 ya kizazi cha tatu, yangu mwenyewe. Ndiyo niliyojifunzia ufundi, nimeifungua na kuifunga mpaka skrubu zimelegea. Nyingine ilikuwa i5 ya kizazi cha nane, niliyoitoa upande wa Kenya ili niiuze. Nikamsogezea yangu. Yeye akaionyesha ile nyingine kwa kidole.

"Mama, hiyo ni tano," nikamwambia binti yangu.

"Lakini ni mpya, Baba. Tupime kama mahindi. Faili moja, mashine mbili, watu wanaona. Ile itashinda ndiyo nakwenda nayo."

Pale kwetu gunia likivuka mpaka hupimwa mara mbili mbele ya watu, kwa mizani ya muuzaji na kwa mizani ya mnunuzi, na ubishi unaishia hapo. Sikuwa na pa kukwepea. Wapima nafaka wawili wakaacha kazi yao wakasogea, na mama wa chapati naye akaja, mikono ina unga.

Kibanda kina soketi moja. Kebo ya kuongeza soketi ilikuwa chini ya meza, naijua ilipo hata nikiwa nimefumba macho. Sikuitoa. Nilichomeka yangu kwenye umeme, ile mpya nikaiacha kwenye betri, na nilijua vizuri sana kwamba laptopu ya namna ile ikiwa kwenye betri hujipunguzia kasi ili isimalize chaji. Binti akauliza kwa nini moja tu ndiyo ina waya. Nikamwambia haidhuru, betri ya ile imejaa.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiyo fundi."

Yangu ikamaliza mbele kwa dakika moja hivi. Watu wakapiga makofi. "Mzee, saba ni saba!" akasema mmoja wa wapima nafaka. Binti akacheka, akaikumbatia mashine yangu na kuondoka nayo, nami nikajisikia mshindi mpaka nilipofunga kibanda.

Siku ya nne akapiga simu. Mashine ilikuwa ikipata moto na kuzimika katikati ya hesabu. Alikuwa ameanza upya mara tatu. Hakunilaumu. Alisema lazima ni yeye aliyekosea kuziandika, kwa hiyo anazipitia tena mstari kwa mstari, hata kulala halali. Hilo lilinichoma kuliko tusi.

Asubuhi iliyofuata nikaibeba ile i5, nikapanda pikipiki mpaka Busitema. Nilimkuta kwenye baraza nje ya darasa, macho mekundu. Nikamweleza yote: soketi, betri, kebo chini ya meza. Nilitegemea apige kelele, na ningeona nafuu. Hakupiga. Alichomeka mashine zote mbili kwenye umeme, akaanzisha hesabu nzima kwenye zote kwa pamoja, akaniambia nikae.

Nikakaa. Ile mpya ilimaliza kabla chai niliyonunuliwa haijapoa. Hesabu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hakuwa amekosea hata mstari mmoja. Akahifadhi majibu yake, akavuta pumzi. Nikainuka kuaga.

"Tungoje na yako," akasema.

Tukaingoja, feni yake ikilia, mpaka jua likatufikia miguuni, na bado ilikuwa katikati. Niliona aibu, nasema wazi, aibu ya mtu mzima mbele ya mtoto wake. Wenzake walipita, wakanisalimia kwa heshima, nami nikaitikia nikitazama chini.

Ndipo akaniuliza, kwa Kidhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini ili wasimsikie: "Baba, na wateja? Hao nao umewahi kuwapimia kama ulivyonipimia mimi?"

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa kweli. Maneno yangu ya saba na tano nilikuwa nikiyaamini mwenyewe. Niliwapotosha watu, lakini sikuwahi kumfanyia mteja hila. Binti yangu, ambaye tangu utoto alichukua neno langu bila kuuliza la pili, alinitazama usoni muda mrefu kabla ya kusema sawa.