Baraka Iliyoingia Kwenye Dang'a

Binti yangu anaishi Kitengela na anafanya kazi ya utafiti. Mwaka ule alikuwa akimalizia shahada yake kubwa, nayo ilining'inia kwenye chuchu za ng'ombe wangu wawili. Alitaka dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, ayapeleke kwa maabara moja ya ng'ambo waliyoshirikiana nayo.

Nilimuuliza wanatafuta nini humo ambacho ndama hajakijua. Akanieleza kwa subira, kama nilivyomfundisha Amri Kumi, kwamba maziwa yana protini, na protini nyingi zimevaa shanga ndogondogo za sukari. Maabara ile husoma shanga hizo: ipi iko wapi, na imefuatana na ipi. Hapo nilielewa kabisa. Mama yake pia huona shanga za mtu sokoni Namanga akataja ukoo wake kabla hajafungua mdomo.

Ng'ombe wa kwanza alizaa nyumbani kwetu Kajiado. Binti alikuja na glavu, barakoa, barafu kavu inayotoa moshi, na vichupa kumi na viwili vidogo kama vya marashi. Akaosha kiwele mara tatu, akamkataza mama yake hata kukohoa upande ule. Alipovijaza vichupa, akavipanga mezani vikiwa wazi, akaenda kwenye gari kuchukua vifuniko.

Nikabaki navyo peke yangu. Jasho la mtoto wangu linasafiri ng'ambo, na mimi ni mzee wa kanisa na mzee wa boma. Ningeliachaje liende bila baraka? Kwetu baraka haitolewi kwa mdomo mkavu. Mzee huomba, kisha hutema mate kidogo, kama umande, ili neno lishike. Nilivua kofia, nikaomba kwa jina la Bwana, nikanyunyiza. Na kwa kuwa vilikuwa kumi na viwili kama makabila ya Israeli, sikutaka kupendelea. Kila kimoja kilipata chake.

Wiki kadhaa baadaye binti alirudi uso umemshuka. Maabara ilikuwa imeandika kwamba shanga za ng'ombe zipo, lakini zimechanganyika na za binadamu, zile za mate, tena katika vichupa vyote, kwa usawa wa ajabu. Wangepokea sanduku moja tu tena. Hilo likiharibika, ushirikiano umekwisha, na shahada pamoja nao. Alikaa jikoni akijilaumu: labda barakoa ililegea, labda alipumua vibaya.

Nilikunywa chai polepole sana. Mke wangu akanitazama juu ya sufuria. Yeye hunisoma bila mashine.

"Mzee," akasema, "hizo shanga ni za nani?"

Nimefundisha watoto wa kanisa kuungama tangu nikiwa na meno yote. Nikaweka kikombe chini.

"Ni zangu. Nilibariki."

"Ulibariki aje, Baba?" binti akauliza.

Nikamwonyesha, kidogo tu, upande wa mlango. Akafunika uso kwa mikono. Nilianza kuomba msamaha nikidhani analia, kumbe anacheka mpaka kiti kinalia.

Akawaandikia ukweli wote. Mkuu wa maabara akajibu kwamba hajawahi kupokea sampuli iliyoombewa, akauliza kwa heshima kama sanduku la pili lingeweza kuja bila maombi. Nikamwambia binti ajibu kwamba bila maombi haiwezekani, ila bila mate tutajaribu.

Tukangoja ng'ombe wa pili. Siku alipozaa, mke wangu alinivalisha barakoa mbili, akaniketisha nje ya lango, umbali alioupima kwa hatua. Niliomba kwa mdomo mkavu, na Mungu, ambaye amenivumilia mengi, nadhani alinisikia.

Vichupa vilipofungwa na sanduku kuzungushiwa utepe, binti alikuja langoni akainamisha kichwa mbele yangu, kama mtoto anavyomwinamia mzee.

"Mimi sasa, Baba," akasema. "Mimi sina kifuniko."

Nikavua barakoa zote mbili, nikambariki kisawasawa. Mama yake akaitikia, "Naai," ndiyo amina ya kwetu.

Majibu yalipokuja yalikuwa safi, ng'ombe mtupu. Mke wangu anasema ni kazi ya barakoa. Sibishani naye.