Mwanasesere Aliyesema Msichana Anaweza

Nakumbuka Ijumaa moja, mdogo wangu Zuhura, ingawa wewe pengine umeshaisahau. Tulikuwa dukani, umemng'ang'ania mwanasesere mwenye koti la daktari na kiuno chembamba kama sindano. Ukimbonyeza tumbo anasema, "Msichana anaweza." Tangazo lake ulikuwa umelihifadhi kichwani kutoka kwenye simu ya mama. Tulipotoka bila yeye, ulilia njia nzima mpaka nyumbani Makorora.

Nikwambie siri? Na mimi nilimtaka, msichana mzima wa kidato cha tatu. Mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa unakaribia na roho yangu iko juu. Maabarani, wavulana ndio wanaoshika vifaa. Sisi tunaandika majibu. Kuomba nilikuwa naona haya. Nikadhani nikimficha yule mwanasesere kwenye begi, huenda ujasiri ukaniingia.

Nilipomweleza Bibi, alicheka kwanza. Akasema ujanani alinunua kanga yenye maneno makali ampige kijembe mke mwenzake. Siku ya harusi ya jirani kajitanda, anafika, na mwenzake huyo hapo kajitanda kanga ile ile.

"Mwenye duka katuuzia sote," alisema. "Tukabaki kutazamana kama kuku wageni. Mjukuu wangu, maneno ya dukani ni ya kila mwenye pesa. Ukiwa na lako, litoe kinywani."

Nikamuuliza, kwani anachosema mwanasesere ni uongo?

"Kweli tupu. Lakini anayekuuzia anataka ununue tu. Ukiishika hiyo chupa yako ya maabara, usiishike, yeye halimhusu."

Jumatatu nikasimama maabarani. "Mwalimu, naomba leo nishike mimi."

"Haya daktari, usituunguze," mvulana mmoja akasema nyuma, wenzake wakacheka. Mwalimu akanipa chupa ya dawa. Nusu nikaimwaga mezani. Nikaomba tena.

Mtihani haujafika, na hofu bado ninayo. Lakini nimeshashika.

Basi mdogo wangu, mimi si mzee, ila haya nakuusia. Wanasesere cheza nao, sikukatazi. Ila kiuno kile si kipimo chako, na ujasiri haufungwi kwenye boksi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ukitaka kitu, kiseme mwenyewe, hata sauti ikikatika katikati. Meza mate, umalizie.

Mola akupe kifua kipana na ulimi usiokwama, na kila utakaposimama kuomba haki yako, akuwekee mtu wa kukusikiliza. Amin.