Madigadi ya Kushoto

Najua utacheka. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka. Lakini haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na futi kamba mfukoni. Sinywi pombe na sikuwa na homa. Sikiliza kwanza, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa fundi bodi Kilosa, nimejenga kibanda changu cha kazi Mabwerebwere, na nyuma yake chumba kimoja cha kulala. Mafundi wenzangu wawili walikwishahama na familia zao kwenda kulima. Mke wangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na mtoto hatukujaaliwa. Basi asubuhi nilikuwa nafungua mlango, nagonga bati mpaka jioni, nafunga mlango. Kuna siku zilipita sijasema neno zaidi ya salamu.

Kazi niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa gari la Mama Nesi. Jina lake Tabitha, Mkaguru wa milimani, mkunga mstaafu; nusu ya vijana wa Kilosa walipokelewa na mikono yake. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, mwalimu, aliyelinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao karibu na uhuru. Gari dogo la Kiingereza, la kizamani hata wakati ule, mgongo wa mviringo, taa kama macho ya bundi. Mto Mkondoa ulipofurika, maji yalilifunika hadi kwenye vioo, na likakaa kwenye tope hadi kutu ikaanza kulitafuna.

"Mwanangu," aliniambia, "mume wangu amelala kule juu kijijini kwetu, na miguu hii haipandi tena mlima. Nataka nipelekwe na gari lake mwenyewe. Lifanye liwe kama alivyoliacha."

Nikalifanya. Milango niliinyoosha, boneti nikaiziba, sakafu nikaishona upya. Lakini madigadi ya mbele kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, ilikuwa imeoza kabisa. Ukiibonyeza kwa kidole, kidole kinatokea upande wa pili. Hiyo ilihitaji nyingine. Na gari kama lile, miaka ile, utaipata wapi?

Mfanyakazi mmoja wa reli ndiye aliyeniambia kuna shamba la mkonge lililotelekezwa, upande wa Mikumi, na ndani yake uwanja wa magari mabovu ya mwenye shamba. Nikapanda treni ya Kidatu, nikashuka stesheni ndogo kabla ya Mikumi, nikatembea kwa saa nzima katikati ya mikonge iliyoota maua marefu bila mtu wa kuikata.

Uwanja niliukuta. Matrekta, malori, magari madogo, yote yamezama kwenye majani. Na mbele ya kibanda, juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari, alikuwa amekaa mzee mwenye koti la kaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Karibu, karibu." Alilirudia neno lile kama mtu aliyekuwa amelisahau na sasa linampendeza mdomoni. Nilinyoosha mkono; yeye akaweka wake kifuani, akainamisha kichwa. Nikadhani ndiyo adabu ya kwao.

Nilipomweleza shida yangu, macho yake yaling'aa. Alikuwa na magari matatu ya aina ile ile! Moja la buluu, moja la kijivu, moja limekwisha rangi. Akanitembeza.

Sasa wewe usiyejua kazi hii, nikuambie. Madigadi haichaguliwi kwa macho. Rangi inadanganya. Unaigonga kwa kucha: bati zima linaita, bati lililojazwa puti ya kuficha mabonde linaguna kama mtu aliyekasirika. Unapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, maana kutu huanzia pale maji yanapotuama. Kisha unapima matundu ya skrubu, moja baada ya jingine. Mzee yule alijua yote hayo kuliko mimi. "Ya buluu usichukue," alisema, "iligonga nyati, ikanyooshwa na mtu wa haraka. Chukua ya kijivu. Hii ilikuwa ya karani. Alikuwa anaifuta kwa leso yake."

Nikapima ya kijivu mara tatu. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nikaifungua, nikaibeba begani, nikarudi nayo kwa treni.

Kilosa nikaiweka kwenye gari. Ilikuwa fupi. Vidole vinne!

Niamini, mimi nimepima bati tangu nikiwa kijana. Sikosei vidole vinne. Lakini ungefanya nini? Nikasema labda jua, labda uchovu. Wiki iliyofuata nikarudi nayo.

Mzee hakushangaa. "Nilijua utarudi," alisema, akacheka kwa furaha. Tukapima ile iliyokwisha rangi. Sawasawa. Safari hii sikuondoka upesi. Mvua ilianza, tukakaa chini ya upenu wa kibanda, tukazungumza. Alinisimulia habari za kila gari pale: hili lilikuwa linabeba mishahara, lile lilimpeleka bi harusi Morogoro likaharibikia njiani. Mwenye shamba, alisema, alimwambia, "Ngoja hapa, linda magari yangu, nitarudi." Kisha wafanyakazi wakahama wote. Yeye akangoja.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Nyumbani kuna nani?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Nilimweleza habari za mke wangu, alivyougua, nilivyoendelea kuchota ndoo mbili za maji miezi mingi baada ya kumzika, wakati mtu mmoja ndoo moja inamtosha. Nilimwambia, "Mzee, hakuna anayeningoja." Hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote Kilosa. Alisikiliza, wallahi, kama hajasikia jambo tamu kuliko lile.

Wakati wa kuondoka niliona kitu. Upenu ule ulikuwa unavuja, na mimi nilikuwa nimelowa begani. Koti la mzee lilikuwa kavu. Niliona, nikajifanya sikuona. Mtu akikosa mazungumzo kwa muda mrefu, hachunguzi sana aliyemletea.

Na ile madigadi? Umekwisha jua. Nyumbani haikukaa. Mara hii ilikuwa ndefu.

Nitakuambia ukweli unaoniaibisha. Sikukasirika. Nilipoona haikai, moyo wangu ulifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu ya kurudi.

Safari ya tatu nilinunua maandazi stesheni, nikayafunga kwenye karatasi, tukale pamoja. Nilifika jua likiwa utosini. Mbele ya kibanda palikuwa na viti viwili sasa. Cha pili kilikuwa kimefutwa vumbi vizuri.

"Kaa," alisema mzee. "Hicho chako."

Nikakaa. Kiti kilikuwa laini. Tukazungumza, na mazungumzo yale siwezi kukusimulia yote, maana sehemu yake kubwa imenitoka kichwani. Nakumbuka nilikuwa na utulivu ambao sikuwa nao tangu msiba. Nakumbuka pia kwamba jua lilikuwa halisogei. Lilikaa pale pale utosini, na hapakuwa na sauti ya ndege, na mimi nikaona ni sawa tu.

Baadaye nikasema, "Mzee, tule basi." Nikafungua karatasi.

Maandazi yalikuwa yameota ukungu wa kijani, yamekauka kama mawe. Yale niliyonunua asubuhi ile!

Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza nikatazama vizuri mahali pale. Hapakuwa na mafiga, wala sufuria, wala jivu, wala mtungi wa maji. Mtu anayelinda hapa anakula nini?

"Usijali," alisema kwa upole. "Hapa hatuli."

Hatuli. Mimi na yeye.

Nikasimama. Miguu ilikuwa mizito kana kwamba nimeivuta kutoka kwenye tope. Ndipo aliponishika mkono, hapa, juu ya kiganja. Umewahi kushika bati alfajiri, kule milimani, wakati wa baridi? Hivyo ndivyo mkono wake ulivyokuwa.

"Unakwenda wapi?" Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa na huzuni. "Ulisema mwenyewe. Huna anayekungoja. Mimi pia sina. Kaa, mwanangu."

Nilitafuta la kusema. Baba sina, mama sina, mke yuko kaburini. Akili yangu ikazunguka Kilosa yote kama mtu anayebisha nyumba baada ya nyumba, na kila mlango umefungwa. Kisha ikanitoka tu mdomoni:

"Yupo mama mmoja. Anangoja madigadi."

Nikaona vidole vyake vinalegea, kimoja kimoja.

"Kama yupo," alisema, "basi nenda. Usimchoshe kungoja."

Sikuchukua bati. Nilikimbia. Kwenye njia kuu nikawakuta watu watatu wanafyeka majani kandokando ya reli. Waliponiona natokea mikongeni, waliacha mapanga yao wakanikodolea macho. Nikawauliza kuhusu mlinzi wa uwanja wa magari.

"Mzee Sefu?" alisema mkubwa wao. "Mzee Sefu alifariki mvua za mwaka juzi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti chake, siku nyingi zimepita. Tulimzika sisi wenyewe, nyuma ya kibanda. Wewe umezungumza na nani?"

Nikamuuliza leo siku gani. Nilikuwa nimetoka nyumbani Jumatatu. Akaniambia Ijumaa.

Siku tano! Nikashika kidevu changu. Ndevu zilikuwa zimeota.

Ndani ya treni niliogopa, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo lililoniuma kuliko woga. Nilipotembea kutoka stesheni hadi Mabwerebwere, majirani walinisalimu kama kawaida. "Habari za kazi, fundi?" Nzuri. "Za leo?" Nzuri. Hakuna aliyejua kama nilikuwa nimetoweka. Nikajiambia, mzee alikuwa na haki. Ningebaki kule, nani angeuliza?

Nikafika kibandani. Kizingitini palikuwa na sahani za bati, zimefunikwa kwa sahani nyingine, siafu wamezizunguka. Nilihesabu tatu. Na kwenye gogo pembeni alikuwa amekaa Mama Nesi, fimbo mapajani, amevimba miguu.

Yeye ndiye aliyeanza, kwa ukali kama alivyokuwa akiwakemea wazazi wodini:

"Wewe! Ulikuwa wapi? Siku tano nabisha hodi. Nimekwenda kituo cha polisi, nimekwenda hospitali, wananiambia wewe ni mtu mzima, utarudi. Hivi unadhani wewe ni mbuzi, upotee tu watu wanyamaze?"

Nilikaa chini kwenye mchanga, mwanamume mzima, nikalia. Hakuniuliza ninalilia nini. Alifunua sahani aliyokuja nayo siku ile, ugali na mlenda, akanisogezea. "Kula kwanza."

Madigadi niliitengeneza mwenyewe. Nilikata pipa la mafuta, nikalikunja na kuligonga juu ya gogo kwa wiki mbili, hadi likakubali. Haikuwa nzuri kama ya kiwandani. Ukipitisha mkono unasikia alama za nyundo. Lakini ilikaa mahali pake. Tulipanda mlima, Mama Nesi mbele, mimi kwenye usukani, na yeye akakaa kaburini kwa mumewe mpaka jioni huku nikimngojea garini.

Sasa yeye naye amelala kule juu. Mimi ni mzee. Kwenye mkono wangu, pale niliposhikwa, kuna duara la rangi ya kutu. Sabuni hailiondoi, petroli hailiondoi. Daktari mmoja alilisugua akaacha. Mvua zikianza huwa linapata baridi, na nikuambie jambo ambalo sijapenda kulisema: mvua zikianza, ninatamani kwenda. Nafahamu kiti kile bado kipo. Nafahamu kimefutwa vumbi. Siku kama hizo huwa natoka ndani, naenda kukaa barazani kwa jirani, hata kama hatuna la kuzungumza.

Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe unayezunguka maporini kutafuta vyuma vya magari ya zamani. Ukimkuta mtu peke yake mahali ambapo wote wamehama, msalimie, maana salamu ni haki ya kila mtu. Pima bati lako uondoke. Lakini akikuuliza nyumbani kuna nani anayekungoja, usimwambie hakuna. Hata kama ndio ukweli, usimwambie. Taja jina la mtu yeyote unayemfahamu. Kisha ukirudi salama, usilale kabla hujakwenda kubisha hodi kwa mtu huyo.