Madawati Themanini ya Mama Randa

Hivi wewe, mara ya mwisho ulipotoa mchango wa shule, uliuliza umekwenda wapi? Au ulitoa, ukageuka, ukashukuru tu kwamba mtoto hakurudishwa nyumbani?

Mama Randa naye hakuuliza. Alikuwa seremala, mjane, mwenye karakana uani na viganja vigumu kama soli. Marehemu mumewe alimwachia randa mbili, misumeno mitatu, na shemeji mmoja ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. "Randa nazinoa zikakata," alizoea kusema. "Huyu shemeji hata ukimnoa, anaparuza tu."

Mtaa wao ulikuwa ukijengewa shule mpya. Ile ya zamani ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori, na darasa la kwanza peke yake lilibanana watoto mia na thelathini, nusu yao sakafuni, wakiandikia magotini. Mpango ulieleweka hata kwa asiyejua kusoma: serikali inajenga vyumba vinne, wazazi wanachangia madawati themanini, mkaguzi wa elimu anakuja kuhakiki, anatia saini, shule inafunguliwa. Wazazi wakachanga. Kuna mama aliuza cherehani yake. Mama Randa akayatengeneza yote themanini, akayapeleka, akayapanga kwa mkono wake, ishirini kila chumba.

Siku ya mkaguzi alikuwa amepiga magoti chumba cha nne, akifunga komeo la mlango. Chumba kilikuwa kitupu, naye alidhani madawati yametolewa ili pafagiliwe. Vijana wanne waliingia kutoka vyumba vya mbele wakitiririka jasho, wakashusha madawati, wakatoka mbio, wakaleta mengine.

"Mnahamisha ya nini?" aliuliza.

"Tunapanga tu, mama."

Kupanga! Chumba alichokipanga yeye! Akainamisha kichwa kutazama chini ya dawati lililo karibu. Mama Randa hakati mbao kwa mkupuo akachanganya miguu. Kila dawati hulipimia miguu yake, na ili isipotezane huchonga namba kwa patasi upande wa chini, pale mtu hawezi kuona mpaka apige magoti. Chumba cha nne alikiwekea sitini na moja hadi themanini. Alilolitazama lilikuwa la ishirini na tatu. La pili yake, thelathini. Yote ya chumba cha pili.

Shemeji akachungulia mlangoni, shati limemkaa vizuri, sauti ya chini. "Shemeji, mkaguzi anamalizia chai ofisini, anakuja huku. Wewe funga komeo lako. Milango na madirisha ya shule nzima nimekuwekea wewe, unajua?"

"Madawati mengine yako wapi?"

"Mambo ya kamati hayo. Damu nzito kuliko maji, bwana."

"Damu ipi? Mimi na wewe tumeunganishwa na marehemu, na marehemu hakuwa mwizi."

Mkaguzi akaingia na faili lake, mwalimu mkuu nyuma yake akipangusa jasho, na wazazi waliokuwa wakingoja uani wakasogea madirishani. Mkaguzi akahesabu kwa kidole. "Asubuhi nimeona arobaini vyumba viwili vya kwanza. Hapa na hapo jirani arobaini. Themanini. Hongereni." Akatoa kalamu.

Mama Randa alijua akinyamaza ana kazi ya mwaka mzima. Alijua pia kwamba saini ile ikishaanguka, hakuna atakayeuliza tena, na watoto arobaini watahama kutoka sakafu moja kwenda sakafu nyingine.

"Bwana mkaguzi," alisema akiwa bado chini, "pindua hilo dawati."

"Huyu fundi wetu ana utani," shemeji alicheka.

"Lipindue. Mimi ndiye niliyelitengeneza. Ukipata humu moja lenye namba inayozidi arobaini, nikate mkono huu."

Mkaguzi akaweka faili, akavuta suruali magotini, akapindua. La kwanza, la tano, la kumi. Hakuna namba iliyozidi arobaini. Akatoka, akarudi vyumba alivyoanzia asubuhi. Vilikuwa vitupu, sakafuni michirizi ya miguu ya mbao.

"Serikali haikatazi mchango wa hiari," alimwambia mwalimu mkuu. "Inakataza mchango usio na maelezo. Sitii saini. Mtapata barua yangu ndani ya siku kumi na nne."

"Siku kumi na nne!" mtu akaguna dirishani.

Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi katika ukumbi wa sherehe wa mwenyekiti akapiga paja. "Jamani! Kumbe yale niliyoyapangusa Jumamosi! Wameyafunika vitambaa vyeupe, eti meza za wageni!"

Shemeji akampita Mama Randa, akamnong'oneza, "Milango sahau. Na madirisha sahau. Utakula vumbi la mbao."

"Nimeshawahi kulala njaa, shemeji," alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Na niliamka."

Kesho yake alfajiri alikuwa akifungua karakana aliposikia vishindo vya miguu mingi. Akatoka barabarani. Wazazi walikuwa wakija kwa mstari kutoka upande wa ukumbi, wawili wawili, dawati katikati yao. Wengine wamejitwisha peke yao. Hakuna aliyekuwa amengoja barua. Nyuma yao shemeji alikimbia na fulana, taulo begani, kandambili mguu mmoja.

"Nitaita polisi! Hiyo ni mali ya ukumbi!"

"Waite!" yule mama wa usafi akamjibu bila kugeuka. "Waambie ni mali ya nani, na risiti uwaonyeshe!"

Baba mmoja mwembamba, dawati kichwani, akasimama mbele ya karakana. "Mama Randa, hili mguu unacheza. Wamelichezea ngoma hawa."

"Lishushe."

Akaingia ndani, akatoka na nyundo na misumari miwili mdomoni, akapiga magoti katikati ya barabara, akaanza kugongelea. Shemeji alikuwa bado anapiga kelele, na watu wakiendelea kumpita.