Nilimkataza Mtoto wa Watu Kuchuchumaa

Usinitetee, msomaji. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa ndani ya kanzu safi kabisa!

Mimi ni ustadhi. Natoka Tanga, nafundisha madrasa hapa Tunduma. Nilikuja nikijiona nimeletwa kuwastaarabisha watu. Mimi huyu, ambaye wiki ya kwanza nilitokwa machozi kwa baridi!

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mwajuma, miaka tisa. Baba yake, dereva wa malori, alifariki akiacha wasia mtoto asome dini. Bibi mzaa mama aliyekuwa akimlea, Mnamwanga wa huku huku, mwimbaji wa kwaya kanisani, ndiye aliyemleta kwangu kwa mkono wake.

Kila akiingia darasani, Mwajuma alichuchumaa, akapiga makofi taratibu, ndipo akatoa salamu. Ndivyo huku wanavyowaheshimu wakubwa. Mimi sikuuliza. Siku moja nikafoka mbele ya wenzake: "Simama! Binadamu hapigiwi magoti! Na nyumbani usimfanyie yeyote, umesikia?"

Alisikia. Ole wangu, alisikia vizuri mno!

Jumapili wakaja wazee wa ukoo kutoka Msangano. Mwajuma akawasalimia wima kama mlingoti, mikono nyuma. Bibi akaona aibu hata chai ikamshinda. Mtoto alipoulizwa akajibu, "Ustadhi amekataza."

Kesho yake bibi akanijia. "Mwalimu, nilikuletea mtoto umwongezee. Kumbe wewe unampunguza!" Akaondoka naye.

Nikanuna wiki nzima, nikijiita mtetezi wa dini. Mtetezi gani, jamani, anayemkosesha yatima madrasa? Na moyoni nilijua kabisa kwamba ile ilikuwa salamu tu, si ibada. Kilichonisumbua ni kiburi!

Nikaenda kwao. Nikachuchumaa mlangoni, magoti yakilia, nikapiga makofi. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimekusamehe. Muulize mwenyewe."

Mwajuma alikuwa anachambua maharage. Aliponiona akainuka haraka, akasimama wima, mikono nyuma.

"Chuchumaa tu, mwanangu," nikamwambia. "Nilikosea."

Akatikisa kichwa. "Naogopa, ustadhi."

Hajarudi. Bibi hataki kumlazimisha, na mimi sina uso wa kumwomba tena.

Walimu wenzangu mnaopanda kuja huku, kabla hamjamfokea mtoto, mwulizeni kwanza anafanya nini na nani kamfundisha. Mimi sikuuliza. Yule aliyekuwa akiniheshimu kuliko wote, leo ananiogopa!