Mwaija na Kata za Sufu

Mwone anavyokuja, msomaji wangu. Anatokea njia ya Kaole, jua bado halijawa kali, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili, furushi kichwani. Tazama vizuri chini ya lile furushi: hakuna kata. Kila mwanamke wa pwani akijitwika ndoo au kuni huanza kwa kuviringisha kitambaa kikawa duara, akakiweka utosini ili mzigo usimuumize. Huyu kata anazo, tena nyingi, lakini zimo ndani ya furushi, zimefungwa kwa kitambaa cheupe kama mkate, wala hazijapata kuguswa na ndoo tangu zishonwe.

"Bi Mwaija!" anaita mwuza samaki. "Siku hizi kichwa ndicho kinachobeba kata?"

"Zenye kazi hubebwa," anajibu bila kugeuka, maana akigeuka furushi litaanguka. "Zisizo na kazi ndizo zinazokaliwa."

Watu wanacheka, naye anapita.

Kata hizo zilikuwa za kung'arishia magari na mashua. Ni duara nene zenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa, sufu upande mmoja, turubai upande wa pili, na ukanda wa kupenyeza vidole. Jina la kata walizipa watu wa Bagamoyo wenyewe, kwa kuwa walizifananisha na wanachokijua, na jina likashika.

Fundi aliyejulikana alikuwa Mrisho, mume wa Mwaija. Baba yake Mrisho aling'arisha milango ya mji mkongwe kwa sandarusi, na milango ilipopungua wateja Mrisho akahamia kwenye mashua za wenye nafasi, kisha kwenye motakaa. Mtu akiona gari linameta husema, "Mkono wa Mrisho huo." Ni kweli, mkono ulikuwa wake. Lakini sufu aliichagua nani? Nani aliyejua kwamba hii ni ya kuondoa ukungu wa chumvi na hii ni ya kumalizia? Ni Mwaija, uani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, sindano mdomoni. Hakuna aliyeuliza, naye hakuona haja ya kutangaza.

Basi mwaka mmoja, vita kuu ya pili imekwisha zamani kidogo na askari waliorudi wamekwisha kuuza mablanketi yao, Mrisho aliamka mkono wa kulia haumsikii. Aliutazama pale kitandani, akasema, "Mama Alawi, mkono wangu umesafiri bila kuaga." Wakaita mganga, wakaita daktari, mkono haukurudi. Mwaija akazichukua kata akaenda kwenye kazi. Alianza na mashua moja, akafuatisha kigari cha Mwarabu wa duka la halua. Walionung'unika walinung'unika. Aliwapa shikamoo wanaostahili shikamoo, akaendelea kusugua.

Ndipo likaja basi la Bwana Sadallah.

Sadallah alikuwa mtu wa mji mkongwe, wa ukoo wa biashara ya baharini. Aliuza majahazi mawili akanunua lori, akalipeleka Dar es Salaam likajengewa bodi ya basi na kupakwa rangi ya buluu iliyokoza mpaka ikakaribia weusi. Lilirudi katikati ya mwezi wa Ramadhani. Rangi ni mpya, lakini imefifia kama jicho la samaki wa jana, maana lilipakwa penye vumbi. Sadallah alilisimamisha mbele ya nyumba ya Mrisho, akashuka na bakora yake.

"Nataka asubuhi ya Idi lipite mji mzima," alisema. "Nyumba yenu naijua tangu baba yake Mrisho. Mkono wa nani utakaosugua, hilo ni lenu. Lakini nisifiche, Bi Mwaija: likishindikana litarudi Dar es Salaam kwa fundi wa huko. Na wenzangu wenye magari wananitazama mimi. Litakapong'arishwa hili, na yao yatafuata."

Mwaija alielewa. Basi lile likiondoka lingeondoka na jina la nyumba, na jina la fundi likishahama halirudi kwa kuitwa.

"Litapita, inshallah," alisema.

Sasa nivumilie kidogo, msomaji wangu, nikueleze habari ya sufu, kwani bila hiyo hutaona ugumu uliokuwapo. Kondoo wa Mkange, na wa pwani yetu yote, ana mkia mnono, sufu hana. Ana nywele tu kama mbuzi. Ngozi yake ukiisugua juu ya rangi ni kama umesugua kwa fagio. Sufu ya kwetu, basi, ilikuwa ile iliyokwisha kufumwa mahali pengine ikatufikia: blanketi la askari, koti la baridi la bwana shamba aliyehamishwa, kipande cha zulia. Mwaija alipoletewa kitambaa hakukiamini kwa macho. Alichomoa uzi mmoja akauchoma. Ukinuka karatasi ni pamba, ukinuka nywele ni sufu. Kisha alikipitisha mdomoni, juu ya midomo yenyewe, polepole. "Kidole kina sugu," alikuwa akisema, "mdomo hauna. Kitakachoukwaruza mdomo kitaikwaruza na rangi."

Na kila kata ilikuwa na cheo chake. Ya sufu fupi, nzito, laini, ni ya gari. Ya blanketi gumu ni ya mashua, kwa sababu rangi ya mashua ni nene na chumvi yake ina ukaidi. Kata ya gari ikianguka mchangani, hata mara moja, hata uikung'ute namna gani, imekwisha kushuka cheo: kuanzia hapo ni ya mashua. Ya mashua ikianguka inakwenda jikoni kuepulia sufuria. Hakuna iliyowahi kupanda.

Mwaija alijaribu kwanza kata ya blanketi la askari, iliyo laini kupita zote alizokuwa nazo, kwenye kona ya nyuma ya basi, chini, pasipoonekana. Mrisho alikuwa ameketi karibu juu ya kibao. Walipofuta nta wote wawili waliinama. Mikwaruzo ilienea pale kama nyayo za kaa.

"Rangi nyeupe husitiri," alisema Mrisho. "Hii inasema kila kitu."

"Nataka sufu laini kuliko hii."

"Na hapa mjini haipo."

Alikuwapo Abdala, mdogo wake Mrisho, tanboi wa lori la nazi, ambaye kesho yake alikuwa anakwenda Dar es Salaam. Mwaija alimwita. "Shemeji, niletee sufi. Iliyo laini kabisa, isiyo na uchafu. Usiangalie rangi, angalia ulaini."

"Sufi laini isiyo na uchafu," alirudia Abdala. "Hilo tu? Nimekwisha kuileta."

Siku zilikuwa zinakatika. Zilibaki tatu Idi ifike, mwezi ukiandama mapema, pale Abdala alipoingia uani kabla ya futari, jasho linamtiririka, gunia kubwa begani. Alilitua kwa majivuno. Mwaija alishangaa ukubwa wa gunia na wepesi wa kutua kwake. Akafungua. Nyuzi nyeupe zikaruka, zikamwingia puani, zikatua juu ya kanga, juu ya chungu cha uji, juu ya ndevu za Mrisho. Ilikuwa sufi ya mtini. Sufi ya mito na magodoro.

Kisha Mrisho akaanza kutikisika, kicheko kimembana.

"Abdala ndugu yangu," alisema, "umekwenda hadi Dar es Salaam kununua sufi, na misufi imejaa Kaole mpaka inaangushia watu vichwani?"

"Nilidhani ya Dar ni bora!" alilia Abdala. "Shemeji alisema laini, isiyo na uchafu. Nimepekua magunia sita! Nimegombana na mwenye duka! Shemeji, wewe ulisema sufu au sufi?"

Mwaija alilirudia neno lile kwa sauti ya chini, akijisikiliza. Kwao Kaole, nyumbani kwa baba yake, ya kondoo na ya mti zote ziliitwa sufi, na aliyesikia alitambua kwa jinsi mazungumzo yalivyokwenda. Blanketi la sufi, mto wa sufi. Miaka yote aliyoolewa mjini ulimi wake haukubadilika, na siku zote hizo haukuwahi kumponza.

"Nilisema sufi," alikiri. "Kosa si lako, shemeji. Pumzika, ufuturu."

"Basi mto mtashona?"

"Tutashona. Utalalia wewe."

Wakacheka, lakini Mwaija hakula vizuri futari ile. Lori jingine la kwenda Dar lilikuwa baada ya Idi.

Asubuhi yake alimkuta mama mkwe wake, Bi Mardhiya, amelitandaza joho uani juu ya tenga la kufukizia, udi unafuka chini yake. Joho lile jeusi lilikuwa la marehemu baba yake Mrisho. Alilivaa siku ya harusi yake, akalivaa Mrisho, akalivaa Abdala, na baada ya Idi, mwezi wa mfungo mosi, lilikuwa linamngoja Alawi, mtoto wa Mwaija. Bi Mardhiya hakumruhusu mtu kulikunja ila yeye.

Mwaija alimwamkia, akaitikiwa. Akasimama. Mkono ukaenda wenyewe, ukainua pindo, ukalipeleka mdomoni.

"Unalibusu joho la mkweo," aliuliza Bi Mardhiya, "au unalipima?"

Mkaza mwana mwingine angesema analibusu.

"Nalipima, Mama. Nisamehe."

Bi Mardhiya aliupuliza mkaa wa udi taratibu. "Mjukuu wangu aingie kwa wakwe na joho lililoliwa na panya?"

"Si panya, Mama. Ni mkasi."

"Mkasi ni panya mwenye meno mawili." Akaligeuza kaa moja. "Na una hakika ni kitu unachokitaka? Usije ukakata, kisha ukaniambia ulimi umeteleza."

Mwaija alichomoa uzi mmoja kutoka upande wa ndani, akaugusisha kwenye kaa. Ulijikunja, ukazimika. Bi Mardhiya aliinamisha pua juu ya moshi.

"Nywele," alisema. "Kumbe miaka yote tumekuwa tukimvika bwana harusi kondoo!"

Walicheka wote wawili mpaka Bi Mardhiya akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Lakini alipomaliza kufuta, uso wake haukuwa wa kucheka.

"Baba yake Mrisho alilinunua kwa kusugua milango," alisema. "Halikutoka kwingine. Kata vidole vinne chini, kuzunguka lote, usizidishe. Utakata wewe, mimi sitakuwapo. Na kazi ikiharibika usiniletee vipande nivione."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwaija alikata vidole vinne. Utepe mrefu uliopatikana aliuzungusha kama ukili wa kawa la kufunikia chakula, akaushona mshono chini, uso juu, zikatoka kata mbili, nyeusi, nzito, zinazonukia udi. Akazifua kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa kuwa ya moto huifanya sufu ijikunyate. Akazianika kivulini. Alasiri aliingia kazini.

Alisugua akiwa amefunga, koo limekauka. Nta iliyoyeyushwa kwa tapentaini aliipaka nyembamba, akaiacha ifanye ukungu, akaifuta kwa kata, bati moja baada ya jingine, kila bati akigeuza upande. Mrisho alimfuata na kibao chake. Pale Mwaija alipomaliza, Mrisho alikunjua mkono wa kushoto mbele ya rangi, akatazama.

"Naona kiganja."

"Na kucha?"

"Kucha bado."

Mwaija akarudia. Hakukasirika, hivyo ndivyo Mrisho alivyojipima mwenyewe siku zote. Akarudia tena, kwa upole zaidi, uzito wote ukiwa begani na si kwenye vidole.

"Sasa naona kucha," alisema Mrisho. Kisha, kwa sauti ya chini, "Kwangu zilikuwa hazionekani hivi, Mama Alawi."

Asubuhi ya Idi basi lilipita. Lilipokuwa limesimama mbele ya msikiti wanawake walijitazama ubavuni mwake wakarekebisha shungi zao, na mnara wa msikiti ulionekana ndani ya ile buluu umesimama wima kabisa. Vigelegele vikapigwa. Bwana Sadallah aliinua bakora akawaambia watu, "Kazi ya nyumba ya Mrisho hiyo!"

Toka baraza ya msikiti Mrisho alipaza sauti ambayo watu hawakuisikia kwake tangu augue: "Sema sawasawa, Bwana! Mkono ni wa Mwaija binti Mwinyimvua wa Kaole!"

Sadallah alicheka, akalirudia jina lote, tena kwa sauti kubwa, na jioni ile wenye magari wawili walikuja kubisha hodi. Hawakumwulizia Mrisho.

Likabaki joho. Siku mbili kabla ya harusi walimvika Alawi walione. Kanzu ilichungulia chini, vidole vinne vyeupe, wazi kwa kila mwenye macho. Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kununua utepe wa zari wa kuunganishia pindo.

"Likifunikwa," alisema Bi Mardhiya, "hakuna wa wakwe atakayeuliza."

"Likiachwa," alisema Mrisho, "kila atakayeuliza ataambiwa."

Alawi alitazama miguu yake, akacheka. "Mimi ni wa kuvaa tu. Mama ndiye aseme."

Mwaija alikuwa ameketi kwenye mkeka, zari mapajani, uzi umekwisha kupita tunduni, na wote wanamtazama mkono. Ungalikuwa wewe uliyeishika sindano ile, msomaji wangu, ungalishona?