Siku Nilipoivua Ekzosi Gari ya Mama Mkwe

Kuna watu hapa Maskati mpaka leo wakinikuta dukani huniuliza kwa adabu zote hali ya mama mkwe wangu, khalafu wanageukia rafu za mchele kuficha meno, na mie huwajibu hajambo, ahsante, kwa sababu nifanye nini, aibu yenyewe ilitangazwa kwa spika. Basi bora niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaitia chumvi, na hii haikuhitaji.

Nianze na gari. Mie ni mtu wa kupunguziwa, sinunui hata vitunguu kwa bei niliyotajiwa, na nilipotaka gari nilimshawishi mama mkwe wangu, Bi Zuwena, naye anunue ya aina ile ile, siku ile ile, duka lile lile pale Wattaya, ili muuzaji atushushie kwa zote mbili (na alishusha, baada ya mie kutoka nje mara mbili nikijifanya naondoka). Kwa hiyo tukawa na gari mapacha uani kwetu Al Amerat, maana tunakaa nyumba moja, mie, mke wangu Asma na mama yake. Yake nyeupe, yangu nyeusi, mengine yote sawasawa mpaka msumari.

Gari zikazeeka, na mie yangu nikauchoka ukimya wake. Nikenda kwa Rafiq, fundi wa Kipakistani mwenye gereji karibu na nyumbani, akanifungia ekzosi ya michezo, bomba pana lenye mdomo wa rangi ya buluu kama limeungua, halina kichujio cha moshi wala haya, linanguruma hata gari ikiwa imesimama. Ekzosi ya asili nikamwachia yeye ili anipunguzie, na nikaondoka pale naona nimemla. Asma akanuna. Mama akasema gari inakohoa, ipelekwe hospitali.

Sasa mulkiya, yaani kile kibali cha gari cha kila mwaka, ikakaribia kwisha, na gari ya umri wake haipewi kibali kipya mpaka ikaguliwe, moshi na kila kitu. Asma akanisubiri tuko kwenye chakula cha mchana, mama yake akiwepo, akasema taratibu huku akinitilia mchuzi:

"Ikifaulu, baki nayo na makelele yako. Ikifeli, inauzwa, tunanunua ya watu wazima."

Nikakubali mbele ya shahidi. Nilikubali upesi kwa sababu nilikuwa naipenda gari ile, wallahi, naipenda hata zaidi ya inavyofaa mtu mwenye mke kusema, na kwa sababu nilidhani nitakwenda kwa Rafiq nichukue ekzosi yangu ya asili niifunge kwa siku moja. Rafiq akasema alishaiuza zamani. Akanitajia bei ya kunitafutia nyingine, nikamwambia arudie, nikidhani ametaja ya injini.

Vijana wa hapa wenye gari za makelele wana utaratibu wao, nao ni kuazimana. Ukaguzi ukifika unaazima vyuma vya asili kwa rafiki mwenye gari kama yako, unapita, unarudisha, mnakunywa chai. Mie rafiki mwenye gari kama yangu nilikuwa naye mmoja tu, na nilikuwa nimemuoa binti yake. Kosa ni kwamba sikuazima. Kuazima ni kuomba, na kumuomba Bi Zuwena kitu kuna hotuba yake, inayoanzia Unguja na kumalizikia kwa marehemu baba mkwe, ambaye hakuwahi kupiga kelele maishani mwake. Nikaona haina haja. Gari yake hutoka Alhamisi tu, kwenda kwa dada yake Qurayyat, na ile ilikuwa Jumatatu, na mwenyewe akishasali alfajiri hurudi kulala mpaka jua limepanda. Nilipiga hesabu yangu, nikairudia, ikatoka vizuri mara zote mbili.

Basi alfajiri ile mie na Rafiq tukazipeleka gari zote mbili gereji, ekzosi ya mama ikahamia kwangu, yangu ikahamia kwake (Rafiq alitaka kuiacha gari ya mama bila ya bomba mpaka nirudi, mie nikaona si adabu), tukairudisha nyeupe mahala pake. Tulipofika kwenye kona ya mtaa tukazima injini tukaisukuma kwa mikono mpaka uani, watu wazima wawili, tunahema, mmoja wetu amevaa kanzu. Khalafu nikaondoka na gari yangu, kimya, kama gari ya mama mkwe.

Nilipigia hesabu yote isipokuwa msiba. Usiku ule mume wa Bi Rukia, shoga yake mama tangu utoto, alikuwa amefariki huko Wattaya. Taarifa ilikuwa imeingia kwenye simu zetu sote, na mie simu sikuifungua, nilikuwa nasukuma gari.

Kituo cha ukaguzi kilikuwa kimejaa. Gari inaingia kwenye banda kubwa, mkaguzi anakaa kwenye usukani, mwenye gari anasimama nyuma ya mstari wa njano pamoja na wenzake kama wazazi nje ya chumba cha mtihani. Wangu alikuwa kijana mmoja mkavu, mwenye ndevu zilizochongwa, anazungumza Kiarabu tu na kwa kipimo. Akafungua vioo, akakagua taa, breki, akachutama kuangalia chini, nami nikajidai kuangalia dari. Mwenzake akachomeka kijiti cha kupimia moshi kwenye ekzosi, mkaguzi akakanyaga mafuta, namba zikatoka kwenye skrini, na zilikuwa namba nzuri jamani, ningeweza kuzitia kwenye fremu. Nilimwambia mzee aliyesimama karibu yangu, mwenye pikapu, kwamba gari ni matunzo.

Hapo simu ikaita mfukoni. Mama. Sasa, simu ya Bi Zuwena haiachwi ikalia, usipopokea anampigia Asma, na Asma siku ile sikutaka aulize chochote. Nikapokea, nikaiweka sikioni kwa siri, nikasema aloo, nikasikia kimya. Nikasema tena aloo. Kimya. Ndipo nikagundua kuwa sauti ya mama mkwe wangu naisikia vizuri sana, lakini inatoka kwenye gari. Simu ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, kama siku zote, na spika nilikuwa nimezifungua mpaka mwisho, kama siku zote, kwa sababu kwa bomba lile huwezi kusikia kitu bila ya kufungua mpaka mwisho.

"Hamudi, umenivua ekzosi nimelala?"

Banda zima likageuka.

"Nimeingia msibani kwa watu nnanguruma kama lori la mawe. Wanawake wameacha kusoma, wametoka nje wote, wamedhani nyumba inabomolewa. Rukia kaingia eda, mumewe hajazikwa, ananiuliza, Zuwena, ndio nini? Mjukuu wake kachungulia chini, kanambia, bibi, hii buluu ya mjomba Hamudi. Wapi ekzosi yangu?"

Mie bado nilikuwa na matumaini. Nilijiambia hawa wote ni Waarabu, hakuna anayeelewa Kiswahili hapa, wataona mama anasalimia. Ujinga mkubwa huo, maana mie mwenyewe ni Mwarabu na nnaelewa. Mzee wa pikapu ndiye aliyeanza, mabega yanamtikisika. Akafuata dada wa dirisha la malipo, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Mkaguzi akazima injini, akainamia usukani kidogo, na kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu akasema:

"Shikamoo, bibi."

Mama akaitikia:

"Marahaba. Weye nani?"

"Mkaguzi wa gari, bibi. Ekzosi yako n'nayo hapa. Usiwe na wasiwasi, imefaulu."

Nilikata simu nimeshachelewa. Nikamfuata kijana, nikaanza kufanya nnachokijua, nikamwambia mwanangu, moshi si umeshapimwa, namba si umeziona, basi tuseme hili lipite, mengine nitarekebisha wiki hii hii, au kesho, haya, leo jioni. Nilishuka mwenyewe bila ya yeye kusema neno, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya muuzaji yeyote. Akanirudishia ufunguo.

"Nimepima moshi wa mkweo, ami. Wako sijauona. Urudi nao."

Imefeli, ndivyo ilivyoandikwa.

Mama akapiga tena, safari hii nikasikiliza nje. Amri ilikuwa moja, niende Wattaya, nitoe mkono wa pole kwanza, ekzosi baadaye. Nikakaa na wanaume barazani kwa marehemu, nikanywa kahawa kichwa chini, na kila aliyeingia aliambiwa sikioni na aliyetangulia, khalafu akaja kunipa mkono mie kwa huzuni zaidi kuliko aliowapa wafiwa.

Jioni Rafiq akaja nyumbani kubadilisha mabomba, na alipomaliza, kwa kuwa habari zilishamfikia, akasema gari nyeusi ataichukua yeye. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kuanzia, ya matusi, bei anayoitaja mtu akijua utacheka, utaondoka, utarudi. Mie nikafungua mdomo. Asma akanitazama. Mama akasema, "Sawa, chukua."

Rafiq akasimama pale na kitambaa chake cha mafuta, hajui aangalie wapi. Akaniuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kama mama hataki aongeze hata kidogo, yeye alikuwa tayari kuongeza. Bi Zuwena, ambaye Kiarabu anakijua kuliko sote wawili, akamjibu kuwa ameridhika.

Ufunguo nikautoa mwenyewe. Na tangu siku ile, nikitaka kitu cha mtu, hata kama mwenyewe amelala na kitu kiko uani kwetu, namsubiri aamke, namuamkia, naomba, na nnaisikiliza hotuba mpaka mwisho.